Jaji wa Ukurasa wa 530

Kufikia saa tatu na robo asubuhi Inspekta alikuwa ameshaitwa "mama yangu" mara nne, na hata mara moja halikuwa neno la heshima.

"Mama yangu, hapa si kituoni," alisema Mkuu wa Kitivo cha Sheria, kajiegemeza kwenye kiti cha ngozi. "Hapa tunafundisha hiyo sheria mnayoitumia ninyi. Kazi yako ni kuandika tu. Msichana aliingia ofisini kwangu mwezi wa pili, akaiba mswada wa makala yangu, akaugeuza tasnifu. Makala yangu ilitoka mwezi wa nne. Tasnifu yake ikaja mwezi wa sita. Nani kamwibia nani? Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Mlango ulivunjwa?"

"Kitasa kilichezewa. Nikakibadilisha."

"Kile cha zamani kiko wapi?"

"Kwani mimi fundi wa vitasa?"

Inspekta aliandika kwamba kitasa cha zamani hakipo. Aliandika polepole, herufi moja moja, maana aliona mwandiko wake unamkera bwana mkubwa, naye alikuwa na hamu kweli ya kumkera. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi alikuwa amesikiliza watu wengi walioibiwa. Wengi huanza na kitu kilichopotea. Huyu alianza na cheo chake, akafuatia cheo anachokitarajia, akamalizia na idadi ya vitabu alivyoandika.

"Wewe ndiye ulikuwa unamsimamia hiyo tasnifu?"

"Kwa jina tu. Hajawahi kuniletea hata ukurasa mmoja. Nimeiona ikiwa imeshajalidiwa. Andika hivyo."

"Nimeandika. Na kikao cha kamati ya nidhamu ni leo saa nane. Mwenyekiti nani?"

"Mimi."

Kalamu ilisimama. "Wewe ndiye mlalamikaji."

"Kanuni zinasema mwenyekiti ni mkuu wa kitivo. Mkuu wa kitivo ni mimi. Ulitaka nijikate vipande viwili?" Alicheka peke yake. "Makamu wangu ataongoza nikiwa natoa maelezo, kisha nitarudi kutoa uamuzi. Nataka ripoti yako mezani kabla ya hapo. Kwa ripoti ya polisi, atafukuzwa leo na kufikishwa mahakamani wiki ijayo. Aliyefukuzwa kwa wizi hapati uwakili popote duniani. Wengine watajifunza."

Alimsukumia nakala ya jarida kwa ncha ya kidole. Airudishe safi, alisema, maana ni moja tu. Inspekta aliichukua, akatoka bila kuaga. Kuna watu ukiwaaga unajidhulumu.

* * *

Ukumbi wa mahakama ya mazoezi ulikuwa chini kabisa, mwisho wa ujia. Humo wanafunzi wa sheria hujifunza kutetea kesi za kubuni: wakili huyu upande huu, yule upande ule, jaji juu ya jukwaa la mbao. Majoho meusi yalining'inia kwenye misumari. Mlangoni alikaa mzee mmoja mwenye fungu la funguo kiunoni, anashona pindo la joho lililofumuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande, marahaba!" Mzee aliinua macho kwa furaha. "Hiyo ni ya kwanza tangu asubuhi. Humu wanapita wasomi wa haki za binadamu tangu alfajiri, wananiona nguzo. Wanafunzi huniita Kufuli. Milango yote ya jengo hili naifungua na kuifunga mimi."

"Basi una jibu langu. Kitasa cha ofisi ya Mkuu kilibadilishwa lini?"

"Mwezi wa pili. Alipoteza ufunguo kwenye gari la mkwewe. Nilikibadilisha kwa mkono wangu huu."

"Hakikuchezewa?"

"Kilikuwa kizima. Nimekifunga kwenye stoo ya mafagio."

Inspekta alimwomba aseme tena, akaandika, mzee akasaini kwa mwandiko mzuri kuliko wa Mkuu. Kisha akaingia ndani.

Mshtakiwa alikaa benchi la mbele pamoja na mama yake. Wenzake walimwita Tanbihi, kwa sababu hakuweza kusema jambo bila kutaja chanzo. Ukimwambia mvua itanyesha, anauliza nani kasema. Macho yalikuwa yamevimba, lakini kidevu kilikuwa juu. Mama mtu, mshonaji, alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Tasnifu yako inahusu nini?"

"Mwenye nyumba kumfungia mpangaji mlango bila amri ya mahakama. Mama hapa alifungiwa nikiwa darasa la sita. Sufuria ikabaki jikoni, madaftari yangu yakabaki ndani. Siku tatu."

"Nne," alisema mama.

"Nne. Samahani."

"Rasimu ulimpa nani?"

"Profesa, Mkuu wetu wa Kitivo. Mkononi mwake, tarehe kumi na tisa mwezi wa kwanza, kurasa tisini na mbili. Nikamwomba asaini kitabu cha usimamizi, akaniuliza, 'Kwani huniamini?' Nikaona haya. Basi, haya hiyo ndiyo inanifukuzisha chuo leo."

"Nakala nyingine?"

"Kompyuta yangu iliibwa bwenini mwezi wa tatu. Nikaandika upya yote, kwa kichwa na kwa madaftari yangu ya mkono."

"Na makala yake umeisoma?"

"Wamekataa kunipa. Nimeandika barua tatu. Wanasema nitaiona kwenye kikao."

Inspekta alihisi damu inampanda kichwani. Kwenye kituo chake paa linavuja na mahabusu wanagombania ndoo moja, lakini hata mwizi wa kuku husomewa shtaka lake na kuonyeshwa manyoya. Hapa, ndani ya jengo lenye neno SHERIA mlangoni kwa herufi ndefu kuliko mtu, binti wa watu anakwenda kuhukumiwa kwa karatasi asiyoijua. Na watu sita wenye shahada za uzamivu wameona sawa! Washenzi wakubwa, alisema moyoni, na ilibaki kidogo aseme kwa mdomo.

Jarida lilikuwa mkobani mwake. Hakulitoa. Akimwonyesha sasa, saa nane watasema polisi amemfundisha majibu. Kwanza apate kipande cha rasimu kutoka kwa mtu mwingine.

"Zaidi ya Profesa, nani mwingine aliigusa?"

"Fundi wa fotokopi, pale getini. Ndiye aliyenichapia."

* * *

Fundi alipomwona askari mlangoni, jasho lilimtoka papo hapo. Alijisogeza mbele ya rafu iliyofunikwa shuka, akasimama hapo na mikono nyuma.

Haya, Inspekta alijisemea. Huyu kauza rasimu. Kamuuzia Profesa, au mtu wa Profesa. Alikuwa tayari kuona kesi imekwisha kabla ya chai ya saa nne.

"Sogea."

"Afande, hapa pana vumbi tu."

"Sogea, nimesema."

Aliivuta shuka. Vitabu vya sheria, vimetolewa fotokopi kuanzia jalada hadi faharasa, vimepangwa kwa mwaka wa masomo. Cha juu kabisa kilikuwa cha Mkuu wa Kitivo mwenyewe.

"Hicho ndicho kinakwenda sana," alisema fundi kwa sauti ya msiba. "Anawalazimisha wakinunue na hakipatikani. Nakamatwa?"

"Sijaja kwa hili, ingawa ungekuwa na aibu ungeona aibu. Mwezi wa kwanza ulimchapia msichana tasnifu ya kurasa tisini na mbili. Ulimpa nani faili?"

"Mimi? Hakuna! Kila Ijumaa nafuta kila kitu, mashine yenyewe haina nafasi. Muulize yeyote." Alipangusa shingo. "Ila siku hiyo mashine ilitafuna karatasi. Nilirudia kumchapia kurasa kama nane."

"Zile mbovu ulizipeleka wapi?"

Fundi alivuta boksi kutoka chini ya meza. Karatasi mbovu hakuzitupa kamwe. Upande wa nyuma aliandikia oda za wateja, kila oda na tarehe yake. Walichambua pamoja, Inspekta amepiga magoti sakafuni na sare yake, fundi anapepesa macho. Tuhuma ya kwanza ilikuwa imeshakufa. Mtu huyu alikuwa mwizi wa vitabu, lakini rasimu hakuiuza.

Karatasi ilitokea karibu saa sita kasoro. Ukurasa wa 61, umechapwa mshazari, mstari mweusi wa wino katikati. Chini kulikuwa na tanbihi ya 37. Nyuma yake fundi alikuwa ameandika: vitambulisho arobaini, tarehe ishirini mwezi wa kwanza.

"Mteja wa vitambulisho yupo?"

"Shule ya msingi ile ya ng'ambo. Risiti wanayo."

Basi rasimu ilikuwepo kabla ya huo mwezi wa pili wa wizi. Inspekta alifungua jarida pale pale juu ya mashine ya fotokopi, akaweka ukurasa wa 61 kando ya ukurasa wa tisa wa makala. Aya kwa aya, mkato kwa mkato, ni kitu kimoja. Hata tanbihi ilikuwa ile ile: Jaji Kufuli, Juzuu ya 14, ukurasa wa 530.

Alilisoma jina hilo mara tatu.

* * *

"Usifungue chochote kwanza," alimwambia Tanbihi ukumbini. "Nijibu. Kwenye tasnifu yako iliyojalidiwa, tanbihi ya 37 ni hukumu gani?"

Msichana aliitaja bila kufungua kitabu, na mwaka wake, na majaji wake watatu.

"Kwenye rasimu ilikuwa nyingine. Kwa nini uliibadilisha?"

"Kwa sababu ile haikuwa hukumu. Ilikuwa ya humu."

"Ya humu vipi?"

"Mashauri ya mazoezi. Tukimaliza, tunaichapa hukumu yake kwa mtindo ule ule wa juzuu za mahakama, ila tunaipa ukurasa kuanzia mia tano. Hakuna juzuu ya kweli inayofika mia tano. Ndiyo desturi ya ukumbi huu, kila mwanafunzi anaijua, ili mtu asije akaibeba mahakamani kwa bahati mbaya. Mimi niliiweka kushika nafasi mpaka nipate ya kweli. Nilipoipata, nikaitoa."

Hapo Inspekta aliliweka jarida mbele yake, ukurasa wa tisa. Tanbihi alisoma. Midomo ikaanza kumcheza. Akacheka, kicheko kikubwa kisichofaa, kisha kikamgeuka kikawa kilio cha hasira, anapiga benchi kwa ngumi.

"Mama, ameiweka! Ameiweka kama ilivyo! Hakufungua hata kitabu!"

"Na huyo Jaji Kufuli?" Inspekta aliuliza, ingawa alishageuka kuelekea mlangoni.

Mzee alikuwa ameshusha sindano.

"Mwaka juzi jaji mgeni hakutokea," alisema. "Ilikuwa mvua. Watoto wamejiandaa mwezi mzima, wana suti za kuazima, wengine suruali zinaburuta. Wakaniambia, 'Kufuli, panda wewe.' Wakanivika joho. Nikasikiliza upande huu, nikasikiliza upande ule, nikaamua."

"Uliamuaje?"

"Nilisema, ukimkabidhi mtu ufunguo, umemkabidhi na hodi. Hata kama nyumba ni yako, bisha."

Inspekta alimsomea kutoka kwenye jarida, neno kwa neno: Katika hukumu hii, ambayo nimeichambua kwa kina, Jaji Kufuli anaanzisha kile ninachokiita kanuni ya hodi, kanuni inayodhihirisha upevu wa fikra usiopatikana kwa wepesi katika mahakama zetu.

"Upevu wa fikra," mzee alirudia. Hakucheka. "Miaka kumi na moja namfungulia huyo bwana mlango. Salamu hajawahi kuniitikia hata kwa bahati mbaya."

Tanbihi alifuta uso, akaenda kabatini, akatoa faili la mashauri ya mazoezi. Hukumu ilikuwemo, na tarehe yake, na sahihi za wanafunzi kumi na wanne. Inspekta alipitia maktaba akiwa njiani. Juzuu ya 14 ilikuwa na vumbi la kutosha kuandikia jina, na iliishia ukurasa wa 438. Mkutubi alimwandikia hivyo, akagonga mhuri.

* * *

Saa saba na nusu. Mkuu wa Kitivo alikuwa ameshavaa koti la kikao.

"Ripoti, mama yangu."

"Imebaki sahihi yako tu. Maswali matatu ya kujaza fomu." Inspekta hakukaa. "Hukumu zote ulizozitaja kwenye makala umezisoma mwenyewe?"

"Moja moja. Ndiyo tofauti ya msomi na mwizi."

"Ukumbi wa mahakama ya mazoezi huwa unaingia?"

"Sina muda wa michezo ya watoto. Sijakanyaga humo tangu niteuliwe."

"Na huyu Jaji Kufuli unayemsifu. Unamfahamu?"

Mkuu alinyoosha kola ya koti. "Bila shaka. Amestaafu sasa. Tulikuwa pamoja kwenye kongamano moja la wanasheria. Mtu makini."

"Naomba usome maelezo yako, usaini hapa. Na hapa."

Alisaini bila kusoma. Inspekta alichukua karatasi, akaipuliza wino ukauke, akafungua mlango.

"Mzee, ingia."

Kufuli aliingia na fungu lake la funguo, akasimama juu ya zulia ambalo miaka yote alikuwa akiishia ukingoni mwake.

"Huyu anataka nini?" Mkuu alifoka. "Huyu ni mfagiaji!"

"Mtunza ukumbi," Kufuli alimsahihisha kwa upole. "Wananiita Kufuli. Profesa, kwenye lile kongamano letu tulikula nini vile? Nimesahau."

Inspekta alipanga vitu mezani kimoja kimoja: ukurasa wa 61 na oda ya vitambulisho nyuma yake, faili la mashauri, karatasi ya mkutubi yenye mhuri, maelezo ya kitasa. Hakueleza sana. Mkuu hakuwa mjinga. Alikuwa mvivu na mwenye dharau, basi. Rangi ilimtoka kuanzia masikioni.

"Afande," alisema mwishowe. Kumbe neno hilo alikuwa analijua! "Afande, sisi ni watu wazima. Mambo haya yanamalizika hapa hapa. Nafuta malalamiko, msichana anapata alama ya juu. Fikiria jina la kitivo."

"Ulitaka nimfunge mtoto wa watu!" Sauti ya Inspekta ilifika kwa katibu muhtasi, na akaiacha ifike. "Umekula jasho lake, ukataka na mimi nikushikie sahani! Umekaa kwenye kiti hicho unafundisha watoto kwamba mtu asihukumiwe bila kusikilizwa, halafu unamfungia ushahidi kwenye mtoto wa meza. Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa la jinai, Profesa. Wewe unalifundisha, mimi nakukamatia. Kaa hapo hapo. Usiguse simu."

Alimwacha Kufuli mlangoni. Mlango ule haukuwahi kuwa na mlinzi wa uhakika kama siku ile.

* * *

Kamati ya nidhamu ilikaa kwenye meza ndefu, wahadhiri watano na Makamu wa Mkuu wa Kitivo, bwana mwenye miwani na sauti ya kubembeleza. Inspekta alieleza kwa dakika kumi na mbili. Alipofika kwenye ukurasa wa 530, mhadhiri mmoja alifunika uso kwa viganja. Wote walikuwa wakiijua desturi ya ukumbi, na wote walikuwa wameisoma makala na kumpongeza mwandishi wake.

Makamu alikohoa. "Naam. Kamati inaona mwanafunzi hana shtaka la kujibu. Tunamtakia heri katika mitihani yake. Suala la makala litashughulikiwa kiofisi, kwa utaratibu, bila kelele."

Mama mtu aliinuka na mkoba wake. Akamshika binti yake mkono. "Alhamdulillahi, mwanangu. Umepona. Twende zetu, twende kabla hawajabadilisha mawazo."

Tanbihi hakuondoka.

"Kiofisi kwa nani?" aliuliza.

"Kwa ofisi husika."

"Ofisi gani?"

Makamu alipanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangika. "Ofisi ya Mkuu wa Kitivo," alisema.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "waachie. Una mtihani wa mwisho kwao. Watakumaliza."

"Watanimaliza nikiondoka, mama. Mwakani watamchukulia mwingine, na watamwambia hata yule wa mwaka jana alinyamaza." Aliutoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa mama yake.

Inspekta alifunga daftari lake. Hiyo haikuwa kesi yake tena.

Upande wa kulia wa meza palikuwa na kiti cha mlalamikaji, kitupu, na glasi ya maji mbele yake. Tanbihi aliizunguka meza yote, akapita nyuma ya migongo ya walimu wake mmoja baada ya mwingine, akakivuta, akakaa.

"Kamati bado imetimiza akidi," alisema. "Mwiteni Profesa."